Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Simbare ilikuwa nchi ya mabonde mabichi na wakubwa wasioshiba. Mfalme Tukuzo alidai kuwa nchi ni yake kwa sababu Mungu alimpa, na Baraza la Wenye Mashamba likadai kuwa ni yake kwa sababu lilikuwa limekwisha kuigawana. Wananchi hawakuulizwa. Walipewa bunduki, wakaambiwa wachague upande, wakauana miaka minne kwa bidii ya kusikitisha.

Tabu ni kwamba majeshi yote mawili yalisema lugha moja, yalivaa makoti yaleyale ya sufu, na mara nyingi askari wao walizaliwa na mama mmoja. Ndipo Jemadari Sigano, kamanda wa Baraza, mtu mpole aliyeviweza vita pasipo kuvipenda, alipoamuru vijana wake wafunge kitambaa cheupe mkono wa kushoto ili wasipigane wenyewe kwa wenyewe. Lakini Mfalme aliposhindwa na kutoroka, Baraza likakigeuza kitambaa kuwa sheria: atakayekutwa hadharani bila hicho ni adui, apigwe risasi papo hapo, awe nani awe nani. Sigano akaapishwa mbele ya jeshi zima kuilinda.

Kufumba na kufumbua nchi ikajaa vitambaa. Waliompigania Mfalme walichana mashuka wakajifunga, matajiri wakajifunga hariri, na wengine wakawafunga hata ng'ombe wao, maana nani ajuaye?

Katika mji mkuu aligoma mtu mmoja tu, Mbelwa, askari wa Mfalme, mdogo wake Sigano wa tumbo moja. Ijumaa asubuhi aliletwa ukutani pa soko, mikono imefungwa kwa kamba, mbele ya mstari wa askari wenye bunduki. Waheshimiwa tisa wa Baraza walikuja kushuhudia, wamevaa majoho ya mahameli. Sigano aliwapigia saluti bila kuwatazama vizuri, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwa nduguye.

"Jifunge, mdogo wangu," alinong'ona. "Nakusihi. Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie nilishindwa vita, kaka, sikushindwa na kitambaa." Mbelwa alielekeza kidevu nyuma ya Jemadari. "Na wale, mbona huwasihi?"

Sigano akageuka. Mikono tisa ya mahameli ilikuwa mitupu. Waheshimiwa waliitunga sheria kwa ajili ya watu, na haikuwapitia akilini kwamba watu ni pamoja na wao. Isitoshe, kitambaa kingekunja joho. Akiwaacha hawa, hana sababu ya kumuua nduguye. Akiwagusa, vita vinaanza upya asubuhi hiyohiyo. Alitamani asingegeuka, lakini amekwisha kugeuka, na soko zima limegeuka naye.

Luteni Ngware, aliyeipenda sheria kuliko alivyowapenda watu, akasogea. "Awe nani awe nani, Jemadari. Niwapange?"

Bwana Ridhiwa, mwenyekiti wa Baraza, alicheka. Alipoona askari hawacheki, akaacha. "Jamani, nani ana kitambaa cha ziada? Nipeni basi!" Watu walirudi nyuma, kila mmoja amekifunika chake kwa kiganja.

"Usiwaguse, Ngware," Sigano alisema, lakini sauti ilimtoka nyembamba, na mstari wa askari ulikuwa umekwisha kuwaelekea waheshimiwa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa vitani. Mambo yalikuwa yanamponyoka, naye alijua kuwa bado kuna kitu kimoja tu anachoweza kukiokoa. Alikifungua kitambaa chake, kilichofifia kwa damu na mvua, akamfunga Mbelwa mkononi. Fundo lilimshinda mara mbili.

"Huyu anacho," akasema. "Mfungueni kamba."

Walimfungua. Mbelwa alitaka kukivua, kaka yake akamshika mkono kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu kiapo kile Sigano akavuta pumzi hadi ndani ya kifua.

Hakuna aliyeshusha bunduki. Ngware aliwapitia waheshimiwa kwa macho, mmoja mmoja, kisha akautazama mkono wa kushoto wa kamanda wake.

"Ni kumi, Jemadari," alisema kwa adabu, akasimama wima kungoja amri.