Folda ya Baadaye

Siku niliyorudi kazini baada ya kumzika mume wangu, nilikuta barua pepe za rambirambi zimejaa hadi zimefunika maagizo ya wateja. Sikuhisi kitu. Niliziangalia tu, kama mtu anavyoangalia vyombo vichafu vya jirani.

Kazi yangu ndiyo hiyo: kupanga barua pepe za kampuni yetu, inayouza vipuri vya pampu za maji. Mambo ya kubofyabofya siyawezi. Nafungua dirisha jeusi la kompyuta, naandika amri, na programu inapitia kila barua inayoingia na kuitia kwenye folda yake: maagizo, malalamiko, wauzaji. Inafuata kanuni nilizoipa, haiulizi wala haimwonei mtu huruma. Siku ile niliionea wivu.

Basi nikaiandikia kanuni moja zaidi: barua yoyote yenye jina la mume wangu, popote lilipo, iende kwenye folda niliyoiita Baadaye. Ikasoma, ikabeba, ikanyamaza. Sanduku la barua zinazoingia likabaki na watu wanaotaka vipuri. Nilishukuru.

Simu nilikuwa nimeizima tangu msibani, maana kila aliyepiga alitaka nimsimulie upya jinsi alivyokufa. Binti yetu tu, anayesoma chuo cha mbali, ndiye niliyemwambia aniandikie kazini. Hakuandika. Nilidhani najua sababu: tulizika kabla hajafika. Alishuka kwenye basi akakuta watu wanakunja viti. Hakunilaumu kwa mdomo, ila alirudi chuoni bila kumaliza chai yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawa nangoja mshindo. Kila asubuhi nachungulia sandukuni, hamna. Nikajisemea, haya, na huyu naye ameshakwenda. Hata hilo halikuuma, lilinikaa tu kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Kuna mwenzangu wa meza ya pili tunayemwita Nukta, kwa sababu maneno yake huisha kabla hayajaanza. Asubuhi moja alinigeukia.

"Dada, mtoto wako ameniandikia mimi, kwenye simu."

"Wewe? Anataka nini?"

"Anauliza kama mama yake bado yupo kazini."

"Si anajua nipo! Yeye ndiye hataki kuniandikia."

"Anasema amekuandikia mpaka amechoka. Hebu tazama vizuri."

Nikaandika amri ya kumtafuta kwenye folda zote, na mistari ikaanza kushuka. Barua zake zote zilikuwa Baadaye. Mtoto gani hana jina la baba yake? Jina lake la pili ndilo hilo, lipo kwenye anwani yake, lipo chini ya kila anachoandika. Kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu ilimwona akija, ikasoma jina, ikamweka na marehemu.

Ya kwanza ilisema: "Shikamoo mama. Nimefika salama. Umekula?" Zilizofuata zilikuwa za hivyo hivyo, ila zilizidi kuwa fupi. Halafu ya mwisho:

"Shikamoo mama. Najua umenikasirikia kwa kuchelewa kumzika baba. Una haki. Ningepanda basi la usiku ningewahi. Sitakusumbua tena, ila usiache kula."

Nukta alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni kanuni tu hiyo, dada," akasema. "Ukiifuta, yamekwisha."

Yamekwisha! Ningekuwa na nguvu ningemtukana. Nikaandika kwa kidole kimoja: "Mwanangu, sijakukasirikia hata siku moja. Barua zako ndiyo kwanza nazisoma leo. Mimi ndiye niliyeshindwa kukusubiri." Nikatuma.

Sandukuni hakikuingia kitu. Nikakumbuka kanuni bado inafanya kazi, ikabidi nimfuate kule kule, katikati ya rambirambi za baba yake. Jibu lilikuwa limeshafika.

"Mama, naomba nije nyumbani."

Nikaandika, "Njoo." Nilitaka kuongeza kwamba nitamsubiri kituoni, lakini herufi sikuziona tena. Nililia kwa sauti, mbele ya Nukta na mteja mmoja aliyekuja kuulizia bei.