Maiti Anapumua

Mimi nina ugomvi na tamthilia zetu za Kichina za kifalme, na ugomvi wenyewe ni huu: hakuna anayemwosha mgonjwa. Malkia mama anaugua vipindi chungu nzima, amelazwa kwenye hariri, nywele hazijavurugika hata unywele mmoja, na binti yake amepiga magoti kando ya kitanda akitokwa na machozi mazuri. Halafu? Halafu muziki. Nani aliyemgeuza yule bibi asitoke vidonda mgongoni? Nani aliyebadilisha shuka? Hatuambiwi. Binti anasifiwa na dola nzima kwa machozi yake, na mimi nimekaa hapa Luoyang na beseni la maji mapajani, najiuliza kama aliyeandika upuuzi huu aliwahi kuwa na mzazi.

"Suqin, hebu tuache tuangalie," Mama Miao huniambia. Ni jirani yetu wa mlango wa pili. Televisheni yake ni nzima, lakini huja kuangalia kwetu, na maganda ya mbegu zake za alizeti huishia kuwa kazi yangu. "Wewe kila kitu una neno."

"Nina neno kwa sababu nina macho. Tazama kucha za huyo mjakazi. Kucha hizo zimewahi kufua nini?"

"Ndiyo raha yake! Kufua nafua kwangu, nije kutazama kufua tena hapa?"

Baba yuko kwenye kiti chake. Mzee Geng, baba yangu, alikuwa mpiga ngoma katika kikundi cha opera cha wilaya mpaka kilipovunjwa. Sasa upande wake wa kulia umekufa, na maneno humtoka yamevunjika kiasi kwamba ni mimi tu ninayeyaelewa. Tangu alipoanguka kwa kiharusi, majira ya baridi ya mwaka juzi, nimefunga kibanda changu cha supu ya kondoo, na nimeacha na mengine ambayo sina haja ya kuyataja. Mapenzi ya ikulu hayamshughulishi. Yeye anataka vita. Ngoma na farasi zikianza, anajivuta mbele, na mkono wake mzima unashika ukingo wa kiti mpaka vita viishe. Mimi nilidhani anasikiliza ngoma.

Na vita vyenyewe ni aibu tupu. Jeshi zima linaangamizwa kabla maji ya tambi hayajachemka. Jemadari anachomwa mikuki kila mahali na bado ana pumzi za kutoa hotuba. Mchezo wangu mimi ni kumtafuta maiti anayepumua. Hakosekani. "Huyo hapo, tumbo linapanda na kushuka!" nasema, na Mama Miao anacheka hadi anapaliwa. Baba hajawahi kucheka.

Nina mdogo wangu, Peiran, mtoto wa kiume pekee wa nyumba hii. Aliondoka kwenda Hengdian, kule kusini kwenye mji wa kurekodia tamthilia, akasema hatarudi kuishi nasi mpaka awe mwigizaji. Kwenye simu siku zote mambo ni mazuri. "Nimepata nafasi, Dada, ila uso hauonekani sana." Kila Mwaka Mpya huja, hulala siku mbili, na huleta kifurushi cha bahasha nyekundu za pesa zilizofungwa kwa mpira. Watoto wa watu siku hizi hutuma pesa kwa simu. Wetu huleta bahasha za karatasi na kusema ni zawadi za waongozaji wanaopenda kazi yake.

Baba hazifungui. Huziweka chini ya mto wake, na nikibadilisha foronya anaufuata mkono wangu kwa macho kama mwizi yuko chumbani. Kifurushi cha kwanza kililetwa Mwaka Mpya uleule alioanguka. Hata mwezi haukuisha, akaanguka. Mimi ninayemlisha uji, ninayemsugua visigino, sijapata kusikia neno zuri kutoka kwake. Nikimaliza kumfuta, hunigeuzia uso ukutani. Roho iliniuma, na bado inaniuma, na sitajifanya kwamba nimezoea.

Mwaka huu Peiran aliingia adhuhuri ya mkesha. Akamwamkia Baba, akampa kifurushi kipya, kisha nikamtuma siki. Mimi na Mama Miao tukakaa mbele ya televisheni tukikunja jiaozi, yeye anasukuma unga, mimi natia nyama na kabichi. Vita vikaanza.

"Huyo hapo!" nikasema. "Maiti wa mwaka! Tazama, hata pua inacheza!"

Kamera ikamsogelea. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, shavu moja juu, damu ya rangi shingoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo chini. Pengo hilo nalijua. Mbwa alilimega Peiran akiwa mtoto, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni kumpeleka kushonwa. Farasi akapita, kwato zikatua karibu na kichwa chake, na maiti akafumba macho zaidi.

Mama Miao alikuwa akitafuta mwiko, hakuona. Nikamgeukia Baba. Alikuwa ameushika ukingo wa kiti.

Mama Miao alipokwenda kupika kwake, nilichemsha jiaozi nikimngojea Peiran jikoni. Aliporudi, hata chupa ya siki hakuwahi kuiweka chini.

"Umekufa mara ngapi?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. "Dada, unazungumza nini?"

"Nimekuona. Tope, farasi, na sikio lako hilo."

Akakaa kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa umechakaa kuliko nilivyotaka kuona. "Hawajanipa hata neno moja la kusema," akasema. "Mara nyingi nalala tu. Wanasema nalala vizuri."

"Na bahasha?"

"Anayeigiza maiti hupewa bahasha nyekundu, kuondoa mkosi. Unatakiwa uitumie njiani kabla hujafika kwako. Haiingii nyumbani."

"Haiingii nyumbani! Na wewe ukamletea Baba? Furushi zima?"

"Ningekuja mikono mitupu? Dada, kodi, chakula, nauli... Bahasha ni nyekundu. Nani angejua?"

Mimi si mtu wa mikosi. Siku nyingine ningemwambia huo ni ujinga wa wazee. Lakini nilikumbuka Baba alivyoanguka, nyongo ikanipanda, na sitasema uongo: ndani ya hasira ile kulikuwa na furaha. Hatimaye Baba angemjua mwanawe alivyo. Hatimaye angejua ni nani wa kutegemewa katika nyumba hii.

Nikaenda kitandani kwake, nikainua mto, nikazitoa bahasha zote, nikamrudia kwenye kiti, nikazimwaga mapajani pake. Peiran alinifuata akininong'oneza, "Dada, usimwambie, nakuomba." Nikamwambia. Nikamwambia yote, kwa sauti, neno kwa neno: tope, farasi, pesa za maiti.

Baba hakushtuka. Mkono wake mzima ukaanza kuzikusanya.

"Najua," akasema kwa maneno yake yaliyovunjika. "Bahasha hizi hata kwenye opera zilikuwapo. Nilimwona akifa kabla hajaniletea za kwanza. Mkuki, hapa." Akajigusa kifuani.

"Kama unajua, kwa nini unazilalia?"

"Zimeshaingia ndani. Lazima mtu azibebe. Nikazibeba mimi, zisimrudie mtoto."

Kumbe hakuwa akitunza zawadi. Alikuwa ameutega mwili wake, usiku baada ya usiku, balaa la Peiran lije kwake. Na likaja, kama yeye anavyoamini. Sawa. Lakini balaa hilo lililala juu ya kitanda miaka yote hii, na aliyelilisha uji ni nani? Aliyelifuta kinyesi ni nani? Alikuwa amelikinga kwa mwanawe akanitwika mimi, na wala hakuwa ameliona hilo.

"Na ningekuwa mimi kwenye tope lile, Baba?" nikamwuliza. "Za kwangu ungezilalia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemwuliza jina lake.

"Wewe?" akasema. "Wewe upo hapa."

"Anasema nini, Dada?" Peiran akauliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Ananikasirikia? Nimesikia 'mtoto' tu."

Kwenye tamthilia, hapa dada angemweleza kila kitu, wangekumbatiana, na theluji ingeanguka mlangoni. Baba alikuwa akimtazama Peiran, akinisubiri nimfikishie.

"Anasema chakula kinapoa," nikamwambia.

Baba akapiga mkono wa kiti, akasema tena, kwa nguvu zaidi, mate yakimtoka. Nikamfuta mdomo. Peiran akaenda kupanga bakuli.

Tulipomaliza kula nilimwosha miguu, nikampandisha kitandani. Akanyoosha kidole, nikazirudisha bahasha chini ya mto, za zamani pamoja na kifurushi kipya. Sasa zilikuwa nyingi na mto ulikaa juu mno. Nikaukandamiza kwa mikono miwili, ili shingo isimuume.