Mgonjwa Mwenye Adabu

Mshauri wa kliniki yetu ana kipaji kimoja tu, kuitikia kwa kichwa. Mwambie nyumba inaungua, ataitikia polepole huku akibofya kalamu. Mdogo wangu amenaswa na heroini, na juu yake sonona imemkaba hadi kuoga ni shughuli, halafu eti amekabidhiwa kichwa hicho kimponye.

Matibabu yao ni ya hatua. Kwanza unapewa kijitabu chenye jua linalochomoza kwenye jalada, na mshauri anakupigia simu kila wiki kukujulia hali. Usipopata nafuu, unapandishwa kwenye kikundi. Ukizidi kudidimia, ndipo unapelekwa ghorofani kwa mwanasaikolojia, mama ambaye wote wanasema kazi yake anaijua. Yaani tiba ya maana wamewekewa wanaojua kushindwa.

Mdogo wangu hata kushindwa hajui. Mama alitulea kwa adabu, ukiulizwa hali unajibu njema. Simu ikilia, bwana yule anauliza, "Unaendeleaje, kaka?" Mdogo wangu, kajikunyata chini ya shuka anatetemeka kwa arosto ya kukosa heroini, anajibu, "Vizuri tu, namshukuru Mungu. Familia hawajambo?" Mshauri anaandika kwamba mgonjwa ana nafuu. Msomi mzima! Mtoto wa chekechea anajua hiyo ni salamu, si jibu.

Jana asubuhi nilimkuta kitandani akikunja nguo zake.

"Dada, shati hili mpe mjomba. Koti litamfaa binamu."

Nikamnyang'anya lile koti. Nikamkokota mkukumkuku hadi kliniki, na njia nzima nilikuwa napanga matusi ya kuutosha ukoo wote wa mshauri. Tukaingia. Akatupatia viti, akabofya kalamu, akanigeukia mimi.

"Karibu, dada. Hali za nyumbani?"

"Nzuri tu, mshauri," nikasema. "Tunashukuru."

Mdomo wangu mwenyewe, jamani! Kichwa kikaitikia, kalamu ikashuka kwenye karatasi. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau yeye.

Mdogo wangu akanitazama, akacheka kicheko kikavu.

"Dada, unamdanganya ili iwe nini?" Akamgeukia mshauri. "Hali mbaya, kaka. Nataka kufa. Nguo nimeshagawa."

Kalamu ikanyamaza. Kile kichwa, kwa mara ya kwanza tangu nikijue, hakikuitikia. Bwana mkubwa akaruka kutoka kitini, akapanda ghorofani mbio akimwita yule mama kama mtoto aliyevunja sahani.

Tukabaki wawili. Mdogo wangu akanishika mkono, vidole vyake baridi.

"Huko juu nako wataniuliza hali?"

"Watakuuliza."

"Niseme vilevile?"

"Vilevile," nikamwambia. "Na adabu uiache hapa hapa kwenye kiti."