Mguu wa Ismaili Likwata

Wanajeshi waliojeruhiwa mpakani walikuwa na siku yao hospitalini kwetu Mtwara, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, na nesi wao nilikuwa mimi, Modesta. Nilipangiwa siku hiyo kwa sababu wenzangu waliikwepa. Walisema wale wanaume ni wakorofi, hawapangi foleni, na ukiwagusa vigutu vyao wanakutukana. Ni kweli walitukana. Lakini mimi ni mtu wa Songea, nikitukanwa najibu, kwa hiyo tulielewana haraka.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilisafisha vidonda, nikabadilisha mipira ya magongo ilipopatikana, nikajaza fomu za kuomba miguu ya bandia kutoka Dar es Salaam. Fomu zilikwenda, miguu haikuja. Mwaka ule wa 1974 kila kitu kilikuwa njiani, kuanzia sukari ya duka la kijiji hadi dawa za wodi, na sisi watumishi tulikuwa tumezoea kusema hivyo bila kuona haya.

Ismaili Likwata alikuja mwezi wa nane. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Ziwani kabla hajawa askari, mwembamba, hajafika miaka thelathini. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti miaka miwili nyuma, baada ya kukanyaga bomu la Wareno kwenye doria karibu na mdomo wa Ruvuma. Nilimkumbuka kwa sababu siku ile nilikuwa chumba cha upasuaji. Tangu alipotoka wodini hakuwahi kurudi kwetu hata mara moja. Sasa alikuja na shida ambayo wenzake kwenye benchi waliicheka: unyayo wa kulia ulikuwa unamwasha.

Daktari Elia, kijana wa Kilimanjaro aliyependa kueleza mambo, alimweleza habari za mishipa ya fahamu, akamwandikia vidonge. Ismaili alisikiliza kwa adabu, akavitia vidonge mfukoni. Wenzake walipoondoka yeye alibaki amekaa. Nilimuuliza anangoja nini.

"Sista," akasema, "mguu wangu mliuzika wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgeni. Kwao mtu akikatika kiungo, hata kidole, kiungo hicho hufungwa kitambaa cheupe kikazikwa, maana ni mwili wa mtu. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba unyayo unawasha kwa sababu mguu haujalala mahali pake. Akifumba macho anauona umetupwa juani, umejaa nzi. Analala saa moja, anaamka akipiga kelele na kurusha mikono. Mkewe Sharifa alikuwa amekwisha kuwahamishia watoto nyumba ya bibi yao, asije akawaumiza.

Nilijua vizuri ulikokwenda mguu ule. Niliubeba mimi kwa mikono yangu, ndani ya ndoo, pamoja na bendeji zilizolowa damu, nikautia kwenye tanuri la kuchomea taka nyuma ya jengo. Ndivyo nilivyofundishwa. Siku ile majeruhi wengine wanne walikuwa wanangoja meza. Hakuna aliyeniambia kwamba watu wa huku huzika viungo vyao, na mimi sikuuliza.

Nikamtazama yule kijana, macho mekundu, midomo imepasuka.

"Tuliuzika," nikasema. "Njoo nikuonyeshe."

Nilimpeleka nyuma ya chumba cha kufulia, karibu na uzio, chini ya mkorosho uliojiotea. Nilipachagua kwa sababu udongo wake ulikuwa umechimbuliwa na kuku wa mlinzi. Nilisema ni pale. Akaniuliza kama ulifungwa kitambaa, nikasema ndiyo. Akatupa magongo yake, akakaa chini, akauelekea upande wa kibla, akasoma Fatiha. Kisha akaweka mkono juu ya udongo na kulia bila kujificha. Mimi nilisimama pembeni nikiwa na kiburi kidogo, nasema kweli. Nilijiona nimefanya kazi ambayo Daktari Elia na vidonge vyake wameshindwa.

Mwezi uliofuata alikuja amenenepa. Alisema analala mpaka alfajiri, na watoto wamerudi nyumbani. Daktari Elia alifurahi sana, akaagiza vidonge zaidi vya aina ile. Nilimwachia furaha yake.

Mambo kama hayo hayafichiki kwa wanajeshi. Athumani, aliyepoteza mguu wa kushoto wiki ileile, aliniuliza wa kwake uko wapi, nikamwonyesha hatua mbili kutoka ule wa Ismaili. Mathayo, ambaye baada ya jeshi alikuwa mlinzi wa bandarini, yeye ni Mkristo na kilichokatwa kwake ni mkono, lakini naye aliuliza. Ningemjibu nini? Uongo ukishautoa kwa mmoja huwezi kumnyima wa pili. Waliweka mawe, wakafagia. Baada ya muda wanaume wanane walikuwa wakimaliza kwangu wanakwenda kukaa kule nyuma hadi adhuhuri. Nikipita na mashuka niliwasikia wakisema mambo ambayo hawakuyasema kwenye fomu yoyote, habari za wenzao waliozama mtoni, za kijana wa Kireno aliyewaomba maji, za aibu ya kuogeshwa na mke. Mathayo alikuwa na tabia ya kunywa tangu asubuhi. Akaanza kuja hajanywa, mwanzoni Jumanne ile tu, kisha akawa hanywi siku nyingine pia. Huduma waliyoihitaji waliipata kwa njia ya uongo wangu, na kwa miaka miwili sikuona ubaya wake.

Mwaka 1976, mara baada ya masika, kigutu cha Ismaili kilianza kutoa usaha. Mfupa ulikuwa umeoza ndani. Daktari Elia alifikiria kukata tena juu zaidi, akaona hakuna pa kukata. Homa haikushuka. Ismaili alilazwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na Sharifa akawa analala chini kwenye mkeka pembeni yake. Wote tulijua kinachokuja, na Ismaili alijua kabla yetu.

Jumatano aliniita. Alikuwa mchangamfu, mtu angedhani anapona. Alisema amezungumza na mjomba wake, Mzee Abdallah, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, mambo yote ya ukoo hupitia kwa mjomba. Wamekubaliana mguu ufukuliwe, upelekwe Ziwani kwenye makaburi ya kwao, utangulie, ili naye akienda aukute. Mwalimu wa madrasa alisitasita, kwamba kilichozikwa hakisumbuliwi, mwisho akaridhia kwa ajili ya moyo wa mgonjwa. Mjomba angekuja Ijumaa baada ya swala, na jembe na kipande cha sanda.

"Wewe ndiye utakayewaonyesha," akaniambia. "Mkono wako ndio unaopajua."

Sikulala siku hiyo wala sikula. Niliwaza kumwambia mjomba ardhi ya huku inakula mifupa. Niliwaza kuomba ruhusa niende Songea nikauguze mtu. Nilimwona Mzee Abdallah akichimba, akichimba tena pembeni, watu wa wodi wakichungulia, kisha Athumani na Mathayo na wale wengine wakitaka kuchimba pa kwao. Nilifikiria haya yote na katika yote niliyekuwa nikimwonea huruma ni mimi.

Alhamisi mchana Sharifa alikwenda kuteka maji. Nikavuta kiti.

"Ismaili, mguu haupo pale."

Alinitazama. "Uko wapi?"

"Ulichomwa. Niliuchoma mimi siku ileile."

Sijui nilitegemea nini, labda matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Akauliza kama ulichomwa peke yake. Nikasema hapana, na bendeji. Akauliza kama nilisema neno lolote wakati nautia motoni. Nikasema nilikuwa na haraka. Akageuza uso dirishani.

"Na wa Athumani?"

"Na wake. Na mkono wa Mathayo. Yote."

"Basi hao usiwaambie," akasema. "Mimi imetosha."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonijalia. Nilijidai kwamba nimesema kweli kwa ajili yake, kwamba mtu anayekufa ana haki ya kujua. Si hivyo. Nilisema kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakuja. Kama mjomba asingetaja jembe, Ismaili angekufa akijua mguu wake umelala, nami ningekaa kimya hadi leo.

Alasiri ileile unyayo ulianza kumwasha tena. Kisha ukaanza kuuma. Alikuwa anainama na kukuna godoro mahali ambapo mguu ungekuwa, anakuna hadi kucha zinatoka damu, na Sharifa anamshika mikono akimuuliza kuna nini, mbona ulikuwa umepona. Sindano za maumivu zilikuwa nne tu kwenye kabati, nilimchoma zote, nikamwendea Daktari Elia kumwomba nyingine kana kwamba ni yeye anayezificha.

Ijumaa baada ya swala nilimsubiri Mzee Abdallah mlangoni. Alikuja mikono mitupu. Alisema Ismaili alimwita tangu asubuhi akabadili wasia, mguu uachwe pale ulipo. Ismaili alimwambia mwalimu alikuwa sahihi, kilicholala kisisumbuliwe.

"Sijui nini kimemgeuza," mzee akasema. "Lakini maneno ya mgonjwa hatuyapingi."

Ismaili alikufa Jumapili saa nne asubuhi, akiwa macho, mkono wake umeshika godoro. Nilimfumba macho mimi. Wakampeleka Ziwani kwa Landrova ya wilaya, wakamzika siku ileile.

Nilidhani nimemaliza na watu wale. Lakini Mzee Abdallah alinitumia salamu kwamba nisikose arobaini, na sikupata udhuru. Nilikwenda na kilo ya mchele niliyoipata kwa shida. Uani wanawake walikuwa wamekaa kwa makundi, jirani huku, ndugu kule. Nilikaa na majirani, mwisho kabisa karibu na uzio. Sharifa aliniona akiwa jikoni. Akaja, akanishika mkono, akanipitisha katikati ya wote hadi kwenye jamvi la ndugu wa marehemu, akanikalisha kati ya mama mzazi wa Ismaili na shangazi yake. Yule mama alikuwa haoni vizuri. Akauliza ni nani huyu.

"Ni yule nesi, mama," Sharifa akasema. "Ismaili alituachia neno juu yake. Alisema ndiye aliyemzika mara ya kwanza, na kwamba alimzika vizuri."

Mama akanitafuta kwa mikono, akanipata usoni, akanibariki. Kisha wakaleta sinia la wali, na Sharifa akanisogezea upande wenye nyama. Nikanawa, nikala pamoja nao.