Bati Chini ya Nyuzi

Gitaa la Wenceslas Kitenge lililetwa nyumbani kwa Nicodème Mwenze Jumapili moja ya kiangazi, watu wakiwa wametoka kanisani. Lilikuwa limefungwa katika blanketi kuukuu, na aliyelibeba kifuani alikuwa mzee Numbi mwenyewe, baba mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo wao. Alikataa kiti.

"Karani," alisema, maana Nicodème alikuwa karani wa mizigo kwenye gare, stesheni ya treni ya Kamina, "kilio ya Wenceslas tutaifunga siku ya posho. Bandugu ba Luena batafika na treni. Weye njo mwenzake. Utamupigia."

"Nitapiga, tata," alijibu, akimwita baba.

"Haya."

Nicodème alijua anachoombwa. Katika ukoo ule mtu mwenye kazi ya mikono hazikwi na chombo chake. Chombo hukaa kimya muda wote wa kilio. Siku ya kufunga, mwenzake wa kazi anakishika mbele ya watu na kukifanya kisikike: bunduki ya mwindaji inalizwa hewani, nyundo ya mhunzi inapigwa juu ya fuawe. Wazee wanasikiliza. Wakimtambua mtu wao, mkubwa wao anasema, "Njo yeye," yaani ndiye mwenyewe. Hapo ndipo chombo kinapewa mrithi, na mjane anafunguliwa: ananyolewa, anavua nguo nyeusi, anaoga, anarudi kuwa mtu kati ya watu. Neno lile lisiposemwa, hakuna kilichofungwa.

Mbuyu, mke wa Wenceslas, alikuwa amelingoja neno hilo tangu homa ilipomchukua mumewe katikati ya masika. Hakusuka nywele, hakushikana mkono na mtu, hakukanyaga soko. Alikula peke yake nyuma ya nyumba ya mzee Numbi. Na wale jamaa wa Luena, ambao bila wao kilio hakifungwi, walikuwa watu wa reli. Ruhusa yao ilikuwa ya Jumamosi ile ya posho tu, na nyingine haikutarajiwa kabla ya kiangazi kijacho.

Kwa miaka mingi Nicodème na Wenceslas walipiga pamoja kwenye ndoa na sikukuu za site, mtaa wa Waafrika, mmoja Mmetodisti na mwingine Mkatoliki, mmoja karani na mwingine mfunga breki wa treni za mizigo. Hawakukubaliana hata siku moja jinsi gitaa linavyopaswa kulia. Nicodème alikuwa amefundishwa kusikia na harmoniamu ya kanisa. Alikata kucha zake fupi, akagusa nyuzi kwa nyama ya kidole, karibu na tundu, ili kila sauti itoke ya mviringo na safi. Uzi ukianza kushika kutu, aliubadilisha.

Wenceslas alizaliwa kijijini, kando ya barabara ya Kaniama. Babu yake alikuwa mpigaji wa kisanji, kile chombo cha ndimi za chuma kinachobonyezwa kwa vidole gumba, chenye vipete vya waya vinavyotetema juu ya kila ulimi. Kwa sikio lake, sauti isiyotetema ilikuwa sauti ambayo haijamaliza kusema. Kwa hiyo alikata ukanda wa bati kutoka kopo la sardini, akaning'iniza juu yake vipete vya waya, akaupachika chini ya nyuzi, karibu na kidaraja kinachoziinua. Akapiga kwa kucha, pale pale karibu na bati.

"Gitare yako iko namna ya nzi ndani ya chupa," Nicodème alimwambia mbele ya watu.

"Na yako iko namna ya maji ya kuchemsha," Wenceslas alijibu. "Safi kabisa. Munganga atafurahi. Lakini nani atacheza juu ya maji ya kuchemsha?"

Watu walikuja kusikia matusi yao kama walivyokuja kusikia muziki wao.

Basi jioni ya Jumatatu, alipotoka kazini, Nicodème alifungua lile blanketi. Nyuzi zilikuwa nyekundu kwa kutu. Vumbi lilikuwa limejaa tundu, ubavu mmoja una ufa, na ile bati imekuwa nyeusi kwa moshi wa jiko. Moyo ulimuuma kuliona gitaa la rafiki yake katika hali ile. Akachukua koleo na kuanza kulegeza nyuzi.

Abigaïl, mkewe, alikuwa anachambua mchicha mlangoni. "Balikuomba uisafishe?"

"Hapana. Lakini maiti, tunaiosha mbele ya kuionyesha kwa bantu."

Abigaïl alimtazama kidogo, akarudi kwenye mboga zake.

Nyuzi zilipotoka, bati ilitoka nazo. Nicodème aliitupa pamoja na kutu, katika shimo la takataka, bila kuiangalia mara mbili. Aliziba ufa kwa gundi, akafuta mbao kwa kitambaa chenye mafuta mpaka zikang'aa, akatia nyuzi mpya kutoka duka la Mgiriki. Gitaa lilipokuwa tayari, alipiga polepole. Kila sauti ilisimama peke yake, bila doa. Machozi yalimjia. Aliwaza kwamba laiti Wenceslas angesikia gitaa lake likilia hivi hata siku moja, ugomvi wao wote ungekwisha.

Siku ya posho uani kwa mzee Numbi kulijaa. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Mbuyu alikaa mkekani katikati, nguo nyeusi kichwani, amewapa watu mgongo kama desturi inavyotaka. Nicodème alikuwa amevaa koti na tai. Alipiga wimbo wa Wenceslas mwenyewe, ule alioutunga juu ya treni ya makaa ya Luena, na aliupiga wote: sauti nene za rafiki yake na sauti nyembamba alizozoea kupiga yeye, zote kwa mikono yake miwili. Hakuwa amewahi kupiga vizuri hivyo.

Alimaliza.

Mzee Numbi alikuwa anaangalia ardhi. "Ile gitare iko ya nani?" aliuliza.

"Ya Wenceslas, tata."

"Mbao yake ninaiona. Ninauliza sauti."

"Iko muzuri," alisema mmoja wa watu wa Luena kwa upole. "Iko namna ya redio." Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi.

Nicodème alieleza juu ya kutu, juu ya ufa, juu ya vumbi. Alisema nyuzi zile zilikuwa zimekufa. "Minyi niliitengeneza, tata."

"Nani alikuambia iliharibika?"

Kisha Mbuyu alisema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu ambaye hajasema mbele ya watu kwa muda mrefu: "Shemeki, ulimuosha mpaka akatoka."

Wanawake wakaanza kunong'ona. Mzee Numbi alitazama jua, maana treni ya Luena ilikuwa ya jioni. "Kama hatumusikii," alisema, "hatuwezi kusema tulimusikia. Mbuyu atabakia vile iko."

"Mungojee," Nicodème alisema. Alivua koti. "Munipatie kopo ya sardini."

Walimletea moja kutoka shimo la majivu. Alikata ukanda kwa kisu, akakunja vipete kutoka waya wa kufungia magunia ya makaa, akaipachika bati chini ya nyuzi zote. Alipiga. Gitaa lilipiga kelele kama sufuria iliyoangushwa.

"Sasa iko makelele tu," alisema mzee.

Aliisogeza bati mbele, akairudisha nyuma. Amédée, mdogo wa marehemu na ndiye mrithi, alijaribu kuikunja pembeni. Kelele zilibadilika, lakini zilibaki kelele. Nicodème alifumba macho ili aikumbuke ile bati ya zamani, imegusa wapi, imeinama vipi, na hakuona kitu. Alikuwa amekaa kando yake miaka yote ile. Alijua kuichukia, hakujua ilivyokaa. Na siku aliyokuwa nayo mkononi aliitupa.

Akainuka, akaenda kupiga magoti nyuma ya mkeka wa Mbuyu, gitaa mapajani, ili asimwone uso.

"Mama Mbuyu, minyi sijui. Nifundishe."

Mbuyu aliinua kichwa bila kugeuka. "Hii yako inalia pamoja na uzi," alisema. "Yake ilikuwa inalia nyuma. Uzi inasema, kisha bati inaitika. Na haikugusa nyuzi zote. Zile nene tu."

"Nyembamba aliziacha?"

"Aliziacha."

"Juu ya nini? Kwa sababu gani?"

"Alisema nyembamba ziko za Nicodème. Alisema akitia bati pale, bantu habatakusikia."

Nicodème aliinamisha kichwa juu ya gitaa, akabaki hivyo. Hakuna aliyemhimiza, hata wale wa treni. Kisha alichukua kisu, akaikata bati nusu, akaikunja ukingo ili isiguse uzi ukiwa umetulia, ila iuguse pale tu unapotikisika. Akavilegeza vipete. Aligusa uzi mmoja mmoja, na Mbuyu akamjibu akiwa bado amempa mgongo.

"Bado."

"Hivi?"

"Bado. Rudisha. Tena kidogo." Kisha, polepole: "Apo."

Akaanza tena wimbo wa treni ya makaa. Safari hii aliusogeza mkono karibu na kidaraja, akapiga sehemu ya Wenceslas peke yake. Pale palipokuwa pa kwake alipaacha wazi. Uzi ulisema, bati ikaitika, na katika nafasi zile tupu mtetemo ulibaki ukienda, kama mtu anayetembea kando ya mabehewa gizani akigonga magurudumu. Sikio la Nicodème liliendelea kuumia. Kwake ilikuwa bado sauti yenye mchanga ndani. Lakini alikuwa anamsikia mtu, na mtu yule hakuwa yeye.

Mabega ya Mbuyu yalianza kutikisika.

"Njo yeye," alisema mzee Numbi.

"Njo yeye," waliitika wanaume, na wanawake baada yao. Wembe ukaletwa pamoja na beseni la maji. Wanawake walimnyanyua Mbuyu kwa mikono yote miwili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu masika mtu kumshika.

Nicodème alimpa Amédée gitaa. Kijana huyo alikuwa fundi kwenye karakana ya Base, kambi ya jeshi, amezoea santuri za huko, na hakupiga kama kaka yake wala kama karani. Alikaa, akatoa penseli mfukoni na uzi wa kushonea, akaifunga penseli juu ya shingo ya gitaa ili sauti ipande. Halafu akaingiza kidole chini ya nyuzi nene, akaichomoa bati.

Nicodème alijikuta amesimama. "Amédée."

"Yaya?" aliitika kijana, kama kwa kaka yake mkubwa.

Alimgeukia mzee Numbi. Mzee alikuwa ameshapata kikombe chake cha pombe. "Iko yake sasa," alisema. "Wenceslas tulimusikia. Alienda."

Amédée alimwangalia karani, bati kiganjani, bila ubaya wowote. "Si weye mwenyewe haukuipenda, yaya?"

"Sikuipenda," alisema Nicodème. "Hata leo siipendi."

"Basi?"

Nicodème alikaa tena. Amédée alianza kupiga, sauti za juu, nyembamba, zikikimbizana, kali mno na za haraka mno kwa sikio la Nicodème. Watu wa Luena walianza kutikisa vichwa kwa kupendezwa. Nicodème aliweka mikono magotini akamsikiliza mpaka mwisho, na hakumwambia alegeze nyuzi wala apunguze mwendo.