Alama kwenye Beleshi

Mtambo wa kufumia ulikuwa umeondoka asubuhi, juu ya mkokoteni wa muuza kuni, na jioni Jabez Ogden akaenda kuomba ushauri kama auuze. Ndivyo walivyo wafumaji wa Lancashire: wakishaamua, ndipo wanatafuta mtu wa kumwuliza.

Jina lake lilikuwa limetoka kwenye kura ya Chama cha Ardhi, kilichowagawia wafanyakazi maskini mashamba. Nyumba ya mawe, ekari tatu, hakuna kengele ya kiwanda wala tajiri wa kumvulia kofia. Miaka ya kufuma kwa ujira wa kukondesha hata panya ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Alitaka mtu mmoja tu amwambie: nenda.

Enoch Tattersall, mfumaji mwenzake aliyekwenda kwenye mashamba hayo akashindwa, akarudi, alikuwa amekaa karibu na moto, buti hajavua. Siku hizi alikuwa mfagiaji kiwandani.

"Kaa, jirani. Pole usinipe, nimezichoka."

"Sijaja na pole. Huko kulikuwaje?"

"Kulikuwa na imani." Enoch alicheka bila furaha. "Tulihubiriwa kwamba plau ni ya matajiri, beleshi ndilo la maskini, na kadiri unavyochimba kwenda chini ndivyo ardhi inavyokulipa. Basi sisi, na mikono yetu laini, tukachimba kwa mashindano! Nilizama mpaka kiunoni, mke wangu akawa ananiita mchimba kaburi. Na mistari ilivyonyooka, ungedhani kitambaa."

"Halafu?"

"Halafu udongo mweusi wote tukauzika, ule wa mfinyanzi tukauleta juu. Mkulima wa jirani alisimama kwenye ua akicheka mpaka akashika tumbo. Hatukumwuliza kitu. Yeye mtumishi wa tajiri, sisi watu huru, tumwulize nini? Viazi vilitoka kama gololi."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Sikwambii nenda, sikwambii kaa. Ila mtambo usiuuze, Jabez. Mimi niliuuza wangu, ndiyo maana unaniona na ufagio."

Jabez akainama, akatazama mikono yake. Enoch akaelewa.

"Umeuuza lini?"

"Leo asubuhi. Mke wangu Keziah amekaa tu anapatazama pale ulipokuwa."

"Mjinga we," Enoch akasema, kwa upole wa mtu anayejitukana mwenyewe. Akanyanyuka kwa shida, akatoka uani, akarudi na beleshi. Kwa ncha ya kisu akakwaruza mstari kwenye bamba lake, shibiri moja kutoka makali.

"Likizama kupita hapa, simama. Na kabla hujagusa ardhi, mfuate yule mkulima. Akicheka, mwache acheke, we mwulize tu."

Jabez alilipokea. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Nenda, basi," Enoch akasema, akamfungulia mlango.

Neno ambalo Jabez alikuja kulitafuta lilikuwa limetoka, na halikumfurahisha hata kidogo.