Mahali pa Gari

Sindano hakuwahi kumiliki gari, na wala hakuwahi kuliota. Alichokiota, tangu nyumba ya marehemu baba yake ilipobomolewa, ni dirisha. Dirisha la chini linalotazama barabara, cherehani yake ikiwa imekaa chini yake, na wateja wakipita wanagonga kioo: "Fundi, nguo yangu tayari?" Naye angejibu bila kuinua kichwa, "Kesho," kama mafundi wote wa nguo duniani wanavyojibu.

Jina la Sindano alipewa na mtaa, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake pia. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu: yeye, na mdogo wake wa kiume aliyemwita Kitinda, kifupi cha kitindamimba. Alimwita hivyo hata baada ya kuwa mkandarasi mwenye kitambi na simu mbili. Wazazi walipowatoka, Kitinda alikuwa bado anavaa kaptula ya shule, na kaptula hiyo nani aliishona kama si Sindano? Alimsomesha kwa cherehani, akamwoza kwa cherehani. Wachumba wake yeye mwenyewe walikuja, wakachoka kungoja, wakaenda zao. Hakuwahi kulalamika, kwa kuwa Kitinda alikuwa mboni ya jicho lake.

Kitinda aliponunua gari, kila akipita mbele ya nyumba alipiga honi mara mbili, pi-pii, na Sindano, hata akiwa bafuni, alipaza sauti, "Marahaba!" Majirani walivunjika mbavu. Walisema ni mtaa huo tu ambako gari linamwamkia mtu shikamoo na kuitikiwa.

Basi siku moja Kitinda akaja na ramani kwapani.

"Dada, nyumba ya mzee inatuozea. Tuivunje, tujenge ghorofa. Fleti nane. Wewe utakaa chini, vyumba viwili, cha kulala na cha kazi. Goti lako hilo halitaki mambo ya ngazi."

"Na dirisha?"

"La barabarani, dada. Kubwa."

Kiwanja kilikuwa cha wote wawili, lakini Sindano alikubali palepale, chai haijapoa. Akahamia chumba cha kupanga pembezoni mwa jiji, huko ambako wateja wake hawakufika, akasema moyoni kwamba ni kwa muda tu.

Ghorofa ilipanda upesi. Kila Sindano alipokwenda kuitazama aliona kuta juu, madirisha juu, na chini nguzo tupu. Hakuna ukuta wala mlango. Ikabidi aulize.

"Ni sheria ya jiji, dada," Kitinda alisema. "Kila fleti iwe na mahali pa gari. Fleti nane, magari manane. Bila hivyo hatupewi kibali cha kuingiza wapangaji."

"Wapangaji gani hao wenye magari manane? Mtaa mzima huu hauna manane."

"Sheria haiulizi kama unalo. Lakini usiwe na wasiwasi. Tunachora mistari, mkaguzi anakuja, anaona, anaondoka. Akishaondoka tunapandisha ukuta kona hii, unaingia kwako. Kila mtu anafanya hivyohivyo." Kisha akatabasamu lile tabasamu la kaptula ya shule. "Ila mafundi wangu wakichora mistari inakwenda kama mlevi. Mkono ninaouamini ni wako."

Nani asingevimba kichwa? Kesho yake Sindano alikuja na chaki yake ya kushonea, futi yake na rula ndefu ya mbao. Akapiga magoti kwenye zege, goti bovu likilia, akapima na kuchora huku fundi rangi akimfuata nyuma na brashi. Vipimo alipewa na Kitinda, lakini kwa kila mahali pa gari yeye aliongeza vidole viwili kila upande.

"Hii ya nini, mama?" fundi rangi aliuliza.

"Nafasi ya mshono. Kitu kikibana sana kinachanika."

Fundi rangi alicheka. "Basi uwe na hakika na mistari yako. Rangi hii ndiyo ile ya barabarani, ikikauka haitoki."

"Kwa kitu cha siku moja? Si mngepaka chokaa tu?"

"Mimi napaka nilichopewa, mama."

Sindano akafyonza. Kitinda na israfu zake! Tangu utotoni hajui kubana matumizi. Akaendelea kuchora.

Mkaguzi alikuja, akatembea huku na huku, akasema hajapata kuona mistari iliyonyooka namna ile. "Dada yangu huyo!" Kitinda akajibu, mkono begani mwa Sindano. Furaha ya siku hiyo alikaa nayo wiki nzima, na alimsimulia kila aliyekuwa na masikio.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Mara saruji imeadimika, mara mafundi wako kazi nyingine, mara tusubiri kidogo mkaguzi asije akarudi. Wapangaji wakaingia. Sindano, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, alishona pazia la dirisha lake, la buluu, lenye maua madogo pembeni. Asubuhi moja akalikunja, akalitia mfukoni, akaenda kuona kama angalau matofali yameletwa.

Alikuta geti la chuma na mlinzi. Matofali hakuyaona. Kwenye kona yake, mahali ambapo kitanda chake kingekaa, gari la Kitinda lilikuwa limetulia katikati ya mistari, nafasi ya mshono kila upande. Kitinda mwenyewe alikuwa anateremka ngazi.

"Dada, nilikuwa nataka kukupigia."

"Ukuta wangu uko wapi?"

"Nikiweka ukuta hapo, mahali pa magari mawili panapotea. Jiji likigundua, fleti mbili zinafungwa."

"Umelijua hilo lini?"

Kitinda akazungusha ufunguo kidoleni.

"Lini, Kitinda?"

"Tangu kwenye ramani," alisema hatimaye. "Kiwanja ni kidogo, dada. Ama fleti mbili zipungue, ama chini pasikae mtu. Kuchimba magari yakae ardhini ni sawa na kujenga ghorofa nyingine. Na benki hainisubiri."

"Kwa hiyo ukanipunguza mimi."

"Ningekwambia mapema ungekataa."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, kama anayetoa sababu nzuri. Sindano akashika nguzo. Kuvunjiwa nyumba aliweza kustahimili. Lakini alipigishwa magoti akachora kwa chaki yake mwenyewe mahali ambapo hatakaa, huku akisifiwa mkono wake, na hilo lilimchoma mpaka ndani.

"Nipangishe juu basi. Nitapanda na goti langu."

"Kodi ya juu huiwezi, dada. Gharama za huku chini zimo ndani ya kodi ya kila fleti, mtu awe na gari asiwe nalo."

Ndiyo maana majirani wa zamani, yule kinyozi na yule muuguzi, walikuja kuulizia vyumba wakarudi walikotoka. Na bado, kwa maneno ya mlinzi, magari yaliyolala pale yalikuwa matatu tu, na kwingine kote palikuwa pakifagiwa vumbi.

Kesho yake, Kitinda alipokwisha kwenda kazini, Sindano alifika na cherehani yake juu ya mkokoteni. Akaishusha kwenye kona.

"Mama, hapa ni pa magari," mlinzi alisema.

"Gari liko wapi?"

"Halipo."

"Likija utaniambia."

Akatoa chaki. Juu ya rangi isiyotoka akachora mlango, akachora kitanda, na upande wa barabarani akachora dirisha, kubwa, kama alivyoahidiwa. Pazia akalitundika kwenye nguzo. Kisha akakaa akashona. Wateja wa zamani waliopita walisimama getini, wakashangaa, mmoja akaita, "Fundi, umerudi?" Sindano akajibu ndiyo, na kwa saa chache hizo aliamini jibu lake.

Jioni gari la Kitinda likaingia getini. Nafasi tano zilikuwa tupu pembeni yake. Likapita zote, likaja kusimama mbele ya mlango wa chaki, taa zikimmulika usoni.

Pi-pii.

"Marahaba!" Sindano aliitikia. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea, na kwa kitu fulani moyoni kilichokuwa bado kinangoja.

Honi ikalia tena, safari hii ndefu, bila kukatika. Nyuma ya kioo, ambacho hakukiteremsha, Kitinda alikuwa akimwashiria kwa mkono asogee.